Ngwe, kapelo na sikio la dada B.: kisa cha kibarua mwenye ualbino kwenye shamba la mboga

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenzangu mnaosimamia watu mashambani, mabwana shamba, mabibi shamba, wanyapara, maafisa usalama, na hata nyie wenye heka zenu mbili tatu mnaoita vibarua watano wakati wa palizi. Mhusika ameniruhusu. Nilimsomea yote kwanza, akasema kuna kitu kimoja nikiondoe, nikakiondoa. Jina lake halianzi na B., shamba silitaji wala wilaya, na vitu vidogo vidogo vya kumtambulisha nimevibadilisha. Mimi nilikuwa afisa usalama wa shamba na pia ndiye niliyeshika sanduku la huduma ya kwanza, kwahiyo makosa mengine humu ni yangu mwenyewe na nimeyaandika kama yalivyo.

Shamba na namna kazi inavyopimwa

Ni shamba la mboga za biashara kanda ya kaskazini mwa Tanzania, mwinuko wa kama mita 1,400, maji ya mfereji, tunalima vitunguu, karoti na maharage machanga. Vibarua ni kati ya 90 na 140 kutegemea msimu, wengi wanawake wa vijiji vya jirani.

Kazi inapimwa kwa ngwe. Mnyapara anapita asubuhi na fimbo yake, anakupimia kipande chako, ukimaliza kupalilia anakagua, anasaini kadi, siku yako imehesabika. Ukishindwa kumaliza ngwe inakuwa kiporo, unaikuta kesho, na kadi haisainiwi mpaka kiporo kiishe. Hapo hamna nusu. Hii kitu ya kiporo naomba uishike kichwani maana kisa chote kimekalia hapo, ingawa mimi ilinichukua karibu mwaka kuliona.

Mtu mwenye kasi anaanza saa moja na nusu asubuhi na saa saba au saa nane anaosha jembe lake. Dada B. alikuwa anamaliza saa tisa, siku nyingine saa kumi. Sio mvivu hata kidogo. Ana ualbino, na ualbino unakuja na uoni hafifu, kwahiyo ili atofautishe gugu na mche wa karoti ilibidi ainame mpaka uso uko karibu na tuta. Yaani mtu ambaye ngozi yake ndiyo inaungua kuliko wote shambani ndiye aliyekuwa anakaa juani kuliko wote, shingo ya nyuma imeelekea juu saa sita mchana.

Kwa asiyejua vizuri, melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ndiyo mwavuli wake. Mtu mweusi wa kawaida ana mwavuli wake alizaliwa nao, mwenye ualbino hana au anao kidogo sana. Tanzania makadirio yanayotumika ni karibu mtu mmoja kwa kila watu 1,400, wakati Ulaya na Marekani Kaskazini ni mmoja kwa 17,000 mpaka 20,000, kwahiyo usifikirie ni jambo la mbali, kijiji chochote kikubwa wapo na wengi wao ni wakulima kama sisi wengine. Kansa ya ngozi inawapata mapema, miaka ya ishirini na thelathini, umri ambao mtu ndio kwanza ana watoto wadogo. Yeye ana wawili, na ana miaka thelathini na kitu.

Alafu kuna mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya UV, ile ya jua inayounguza ngozi, inaongezeka kwa kama asilimia 10. Huku kwetu karibu na ikweta kipimo cha UV mchana kinafika 11 na kupita, na 11 ndio daraja la juu kabisa kwenye kipimo cha Shirika la Afya Duniani, wakati wao wanasema kujikinga kuanze kikiwa 3. Watu wa nyanda za juu tunajidanganya kwamba kwetu jua sio kali kwa sababu kuna ubaridi. Joto na mionzi ni vitu viwili tofauti.

Kilichotokea

Alianza kazi mwezi wa kwanza. Alikuja na kapelo ya kampeni ya uchaguzi, fulana ya mikono mifupi na khanga mabegani. Khanga ukiinama inadondoka, kwahiyo kufika saa tatu inakuwa imefungwa kiunoni. Kapelo inakinga paji la uso na pua basi, masikio na shingo vyote viko nje. Mimi nilimwona siku ya kwanza nikafikiria "ana kofia, sawa". Nilikuwa na fomu ya tathmini ya hatari ya shamba zima, kurasa sita, humo kuna dawa za kuulia wadudu, trekta, mapanga, nyoka, mfereji, na jua halikuwemo. Mwaka mzima watu 100 wako nje na jua halimo kwenye fomu, na nilikuwa nimeisaini mimi.

Mwezi wa tatu akaja kwenye chumba changu, "Dada, nimekwaruzwa na kijiti sikioni." Juu kabisa kwenye ukingo wa sikio la kushoto, kidonda kidogo kama punje ya dengu. Nikasafisha, nikaweka plasta, nikaandika kwenye daftari: mkwaruzo. Baada ya wiki tatu akarudi, nikasafisha, plasta, mkwaruzo. Mwezi wa tano tena. Neno lile lile mara tatu kwenye kurasa tatu tofauti, mtu yule yule, sikio lile lile, na sikuwahi kurudisha karatasi nyuma kuangalia. Hili linaniuma mpaka leo. Kijiti hakiwezi kukwaruza mtu miezi miwili.

Katikati hapo, mwezi wa nne, kulikuwa na kliniki ya kutembea ya ngozi kwa watu wenye ualbino pale hospitali ya wilaya. Kliniki za namna hii zinakuja kama kila miezi sita, madaktari wa ngozi wanakagua mwili mzima, wanatibu madoa ya awali, wanagawa losheni. Dada B. aliipata taarifa kwenye kundi la simu la chama chao. Hakwenda. Ilikuwa Ijumaa, Ijumaa ndio siku ya malipo, na alikuwa na kiporo cha ngwe moja na nusu ambacho kisipoisha malipo ya wiki mbili yanasogea mbele. Hakuniomba ruhusa wala hakuniambia, kwa sababu kibarua haombi ruhusa, asipokuja hajaja. Nilikuja kujua baadaye sana.

Mwezi wa sita akaenda zahanati. Akaambiwa fangasi, akapewa krimu, aliporudi akapewa vidonge vya antibiotiki. Mama mkwe akampeleka kwa mtu wa dawa za miti shamba akapakwa unga mweusi, kidonda kikafunga kigaga juu na kila mtu akafurahi kwamba kimekauka, kumbe chini kinaendelea kukua taratibu. Ukikigusa kidogo damu.

Mwezi wa saba ndio baridi, mawingu kuanzia asubuhi, watu wanakuja na masweta. Wenye kofia walivua maana "leo hamna jua". Siku ya tatu ya wiki hiyo dada B. alibabuka shingo na mikono yote mpaka malengelenge. Mnyapara mwenyewe, mzee wa watu, alishtuka akanipigia simu, "Mama njoo, huyu mtoto ameungua na wala jua hatujaliona." Nilisoma usiku huo mpaka macho yakauma. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha mpaka asilimia 80 ya mionzi ya UV. Kinachozuiliwa ni joto ndio maana husikii kitu, alafu usiku ndio ngozi inawaka.

Hapo ndio nikaamka, ila bado niliamka nusu. Nikaanza na losheni.

Mwezi wa kumi kliniki ikarudi. Safari hii nilimsainia kadi mimi na nikaenda naye. Daktari alitoa kigaga kwa taratibu, akaangalia kama dakika mbili, akashika tezi za shingoni, akauliza kimeanza lini. Dada B. akanitazama mimi kabla ya kujibu. Wakakata kinyama kwenda kupima, na majibu yakaja ni kansa ya seli za skwamasi, ambayo ndio aina inayowapata zaidi watu wenye ualbino huku Afrika. Mwezi wa kumi na mbili akafanyiwa upasuaji hospitali ya rufaa, wakaondoa sehemu ya juu ya sikio, karibu theluthi. Tezi zilikuwa safi, kansa haikuwa imefika huko. Madoa mengine kumi na moja ya mikononi na usoni, yale magumu yenye magamba ambayo yakiachwa baadhi yanageuka kansa, walikuwa wameshayapulizia naitrojeni kimiminika siku ile ile ya kliniki. Ni baridi kali sana inayogandisha doa mpaka linadondoka lenyewe, inauma kwa dakika chache na hailazi mtu hospitali.

Maamuzi tuliyofanya na kwa nini

*Losheni.* Hii niliamua mwezi wa saba baada ya kubabuka. Niliona ndio njia ya haraka, haigusi ratiba ya mtu wala haigombani na meneja. Tanzania kuna losheni inatengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC inaitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino na wanaipata bure, kwahiyo nilijua ni suala la kumwunganisha tu. Akapata chupa. Nikatulia.

Baada ya wiki tano nikamuuliza imebaki kiasi gani, akaniambia zaidi ya nusu, na kwa sauti ya mtu anayetegemea kusifiwa kwa kubana matumizi. Tukakaa chini na kijiko cha chai tukapiga hesabu. Uso na masikio na shingo kijiko kimoja, kila mkono kijiko kimoja, jumla vijiko vitatu, ni mililita 15 kwa kupaka mara moja. Inatakiwa kurudia kila baada ya saa mbili na zaidi kama unatoka jasho. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni ni mara nne, mililita 60. Chupa ya mililita 100 haimalizi siku mbili! Yeye alikuwa anapaka kidole kimoja asubuhi nyumbani kama mafuta ya mgando, na kufika saa tano jasho na vumbi vimeshaondoa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia ni kiasi gani. Sisi wote tunasema "paka losheni" kana kwamba neno hilo linajitosheleza.

*Nguo.* Hesabu ile ndio iliyotupeleka kwenye shati. Kitambaa ukishakivaa hakiishi saa mbili na hakihitaji chupa. Tukachukua overoli zetu za kawaida za wapiga dawa, zile za koti na suruali, koti la mikono mirefu la buluu iliyokoza, kitambaa kimefumwa kwa kubana. Kipimo changu ni kukiinua kitambaa kwenye dirisha, ukiona mwanga unapenya matundu matundu hata mionzi inapenya. Khanga iliyofuliwa miaka mitatu inapitisha, kitenge kizito afadhali, na nguo iliyolowa inapitisha zaidi ya kavu. Kofia tukatoka kwenye kapelo tukaenda pama lenye ukingo wa sentimita kama nane kuzunguka pande zote, na kitambaa kimeshonewa nyuma cha kufunika shingo. Losheni ikabaki ya uso, masikio, na nyuma ya viganja, kijiko na nusu.

Koti la kwanza alilivaa siku nne akaacha. Nilikasirika kimoyomoyo, nikadhani hajali, kumbe lilikuwa saizi ya kiume, mikono inaingia kwenye matope, na wenzake walikuwa wanamwita "bwana dawa". Tukampelekea fundi cherehani akalipunguza, na tukagawa pama kwa kundi lake lote la watu kumi na nne. Hapo hata utani ukaisha maana wote wanafanana. Gharama ya mapama kumi na nne ilikuwa ndogo kuliko pipa moja la dawa ya ukungu.

*Kumhamishia kivulini.* Baada ya upasuaji meneja mwenyewe alisema asirudi shambani, aende kwenye banda la kuchambulia mboga. Alikuwa na nia njema kabisa na mimi nilikubali kwa mikono miwili, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenyewe. Bandani kazi ni kuona, unatoa haragwe lenye doa, lenye tundu la mdudu, lililopinda, kwa kasi, na yeye macho hayamruhusu. Kila siku kreti zake zilirudishwa. Alafu bandani wanalipa 5,000 kwa siku wakati ngwe ni 7,000. Baada ya wiki tatu nikamkuta shambani, amebadilishana nafasi na binti mmoja kimya kimya, saa saba mchana, na bandeji sikioni.

Siku hiyo ndio nikakaa naye kwenye ukingo wa mfereji nikamwuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwezi wa kwanza: wewe unataka tufanyeje? Akaniambia bila kufikiria mara mbili, "Dada, mimi jembe naliweza. Ngwe ndio inaniweka juani. Mngenisainia nusu asubuhi, ningekuwa nimeshaenda nyumbani saa nne."

*Nusu ngwe.* Niliingia kwenye kikao cha wasimamizi nimejiandaa na takwimu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio mwaka 2023 kwamba watu bilioni 1.6 walikuwa wanafanya kazi juani mwaka 2019, na karibu kifo kimoja kati ya vitatu vya kansa ya ngozi isiyo melanoma (melanoma ni ile inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi) kinatokana na kufanya kazi juani, vifo karibu 19,000 kwa mwaka huo mmoja. Nikasoma yote. Wakanisikiliza kwa heshima, mmoja akasema hayo ni mambo ya wazungu huko kwao. Basi nikaweka karatasi pembeni nikachora ngwe ubaoni, nikaonyesha saa anayoanza na saa anayomaliza, nikatia wino mwekundu kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, muda ambao kivuli chako ni kifupi kuliko wewe au kinakaribia. Sehemu kubwa ya ngwe yake ilikuwa nyekundu. Mnyapara yule mzee ndio akasema, "Mbona hii ni kazi ya fimbo yangu tu, nikimpimia nusu mbili si naandika mbili." Dakika kumi tumemaliza. Nusu ngwe asubuhi, nusu ngwe jioni, kila nusu inasainiwa na kulipwa peke yake, hakuna kiporo.

*Giza.* Hapa tulikosea tena. Ili nusu ya asubuhi iishe kabla ya saa nne ilibidi aanze saa kumi na mbili, na kwao ni mwendo wa dakika arobaini, maana yake atoke nyumbani saa kumi na moja na kidogo gizani, njia ya mashamba ya mahindi. Alifanya siku mbili, ya tatu hakuja. Mimi nikawaza maumivu ya sikio. Mume wake ndio alinipigia, "Dada yangu, unataka mke wangu apite peke yake gizani, na ngozi ile?" Niliona aibu. Watu wenye ualbino wamewindwa nchi hii kwa imani za kishirikina, na mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa mkoani Kagera, nchi nzima ililia. Mimi nilikuwa naangalia jua tu nikasahau kwamba kwa mtu huyu hata kutokuwepo kwa jua ni hatari.

Kirikuu ya shamba, kile kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa inatoka kila alfajiri kupeleka mafuta ya pampu ya maji, inapita mita mia tatu kutoka kwake. Tukaomba ibadilishe njia, inamchukua yeye na wenzake sita mlangoni. Jioni anarudi na kundi kabla jua halijazama.

Matokeo

Mpaka naandika imepita miezi kumi na minne tangu upasuaji. Kansa ya sikio haijarudi. Anakaguliwa kila miezi mitatu, na kwenye ukaguzi wa tatu walikuta doa jipya mdomo wa chini, wakaligandisha siku hiyo hiyo. Daktari alimwambia mapema kwamba jua la utotoni limeshaingia na madoa yataendelea kutokea, kazi ni kuyawahi. Hajababuka tena hata mara moja, ikiwemo mwezi wa saba.

Kipato chake hakikushuka. Mchana wa jua kali anaingia kwenye kitalu, anajaza udongo kwenye trei na kupanda mbegu kwa ubao wenye vijiti unaotoboa mashimo, kazi ya vidole zaidi ya macho. Juu kuna neti ya kivuli, lakini neti inapunguza tu mionzi, haizuii yote, kwahiyo tumeongeza turubai na anabaki na shati lake.

Wengine 38 waliomba nusu ngwe wenyewe, wengi wajawazito na wenye watoto wachanga. Hilo hatukulipanga.

Uchambuzi

Kilichoshindwa kwanza ni daftari langu. Kidonda kisichopona kwa wiki nne kwa mtu mwenye ualbino, kiwe sikioni, mdomoni, shingoni, mkononi, hakiitwi mkwaruzo wala fangasi, kinapelekwa kwa daktari wa ngozi. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwezi wa kumi ni miezi saba. Daktari alituambia kama angekiona kikiwa punje ya dengu pengine ingekuwa ni kukata kidogo chini ya ganzi na kushona, sikio lingebaki na umbo lake. Siku hizi daftari lina ukurasa mmoja kwa kila mtu na mchoro wa mwili, unatia alama mahali, ukitia alama ya pili palepale unaiona kwa macho.

Zahanati siwalaumu sana, mhudumu mmoja, wagonjwa sabini, na vidonda vya fangasi ni vingi kweli. Lakini mwenye nafasi ya kuona mtu huyo kila siku kwa mwaka mzima alikuwa nani kama sio sisi kazini?

La pili, tulianza na kilicho rahisi kwetu. Losheni ilikuwa rahisi kwa sababu mzigo wote unabaki kwake, yeye ndio apake, yeye ndio akumbuke, ikiisha yeye ndio mzembe. Saa za kazi ni mzigo wetu, ndio maana zilikuja mwisho. Ningerudi nyuma ningeanza na ngwe, kisha shati na pama, kisha kivuli, losheni ingekuja kuziba palipobaki wazi. Losheni ni muhimu sana na sitaki mtu asome hapa akaiacha, ila peke yake kwa mkulima wa kutwa haitoshi na hesabu ya kijiko imeonyesha.

Lililofanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea ni kumuuliza mwenyewe, na kumwingiza mnyapara. Mimi nilimwona mnyapara kama kikwazo, kumbe ndiye mwenye fimbo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona ameungua siku ya mawingu. Na sheria zipo, ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 na ya watu wenye ulemavu ya 2010, nilizitaja kwenye kikao na nashauri uzijue, lakini kilichowabadilisha wale watu ni ile chati ya wino mwekundu.

Kuna swali naulizwa sana, je hawa wengine weusi hawahitaji? Kusema ukweli kansa ya ngozi inayotokana na jua kwa mtu mwenye melanini ya kutosha ni nadra, na sipendi kutisha watu bure. Kwa ngozi nyeusi angalia sehemu nyingine, doa jeusi linalokua kwenye unyayo au chini ya kucha, na kidonda kinachotokea juu ya kovu la zamani la moto au donda la miaka, hivyo vipelekwe hospitali na havihusiani na jua. Lakini macho ya wote yanaumia, ile nyama inayoota kwenye weupe wa jicho kuelekea katikati ni ya watu wa juani na vumbini, na joto linamuua mtu wa rangi yoyote. Kwahiyo pama na saa za asubuhi zinawafaa wote, losheni na ukaguzi wa ngozi elekeza kwa wenye ualbino kwanza kwa sababu ndio wanaokufa.

Ambacho hakikukaa sawa ni kwamba nusu ngwe haikuwa imeandikwa popote. Msimu uliopita mzee alistaafu, akaja mnyapara mpya, akarudisha kiporo kwa wiki mbili kabla sijajua, na dada B. hakusema, alikaa juani akamaliza ngwe kama zamani. Nilipomuuliza kwa nini hukuja akasema alifikiri tumebadilisha mawazo. Sasa tumeiandika nyuma ya kadi yenyewe ya kibarua, kwa Kiswahili, herufi kubwa ili asome bila miwani, na meneja ameweka mhuri.

Kliniki inayofuata ni mwezi wa nne, na imeangukia tena Ijumaa. Malipo ya wiki hiyo tumeshayahamishia Alhamisi.